Mgongo wa Milembe

Minza mwanangu,

Nakuandikia mchana huu, wewe na mama yako mkiwa mjini Bariadi mnatafuta blanketi zito, maana tumeambiwa huko Moshi kuna baridi. Nina kama saa tatu za kuwa peke yangu. Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako ameshakwambia yote, ya chakula, ya ibada, ya kutosinzia kwenye basi ukiwa na pochi mkononi, na baba yako mdogo ameyarudia. Nikiyasema na mimi utaziba masikio. Nina jambo moja tu, na nimelikalia muda mrefu mpaka limeoza.

Jumapili iliyopita walipokuita mbele ya kanisa wakuombee, ulishika kipaza sauti ukasema, "Naenda kusomea fiziotherapia kwa sababu ya baba yangu. Nimekua nikiona watu wanaletwa kwetu wamebebwa, wanaondoka wanatembea. Nataka mikono kama ya baba." Watu wakapiga makofi. Mzee wa kanisa akanivuta mkono nisimame. Nikasimama, nikapungia watu. Tulipofika nyumbani nikazunguka nyuma ya zizi nikatapika. Mama yako alidhani ni ule wali wa sherehe.

Haukuwa wali, Minza.

Unakumbuka ulivyokuwa kidato cha pili, ukarudi likizo ukakuta sikandi watu tena. Uliniuliza, nikakujibu mikono inauma. Mikono haikuwa inauma. Ilikuwa inanitia kinyaa. Mwaka ule nilikuwa nakula ugali kwa kijiko, wewe ukacheka ukasema baba amekuwa mzungu. Nilicheka na wewe. Sikuweza kukwambia kwamba kila nikipeleka vidole mdomoni nasikia harufu ya mafuta ya karafuu na jasho la mgongo wa mwanamke mmoja wa Migato.

Acha nianze kwa bibi yako Ngolo, mama yangu, maana bila yeye hutaelewa uovu wangu uko wapi. Wewe ulimkuta mzee, macho yamekwisha. Mimi nilimkuta akiwa na nguvu, na hapa Ngulyati hakukuwa na mtu aliyeteguka bila kuletwa kwake. Walioangushwa na ng'ombe wakati wa kulima, walioanguka kwenye mikokoteni juu ya marobota ya pamba, baadaye wa bodaboda. Alikuwa na samli kwenye kibuyu kidogo, fito alizozichonga mwenyewe, na vitambaa vya kanga kuukuu. Alianza kunifundisha nikiwa nimemaliza darasa la saba. Mwaka mzima wa kwanza hakuniruhusu kukanda. Alinishikisha tu. Aliweka mkono wangu juu ya bega la mtu akasema, "Shika. Usibonyeze. Niambie kuna nini." Nikisema kuna uvimbe, anasema, "Huo hata mpita njia anauona. Chini yake?" Tulikaa hivyo mpaka nikajifunza kusikia nyama inayokaza kwa maumivu na nyama inayokaza kwa woga, mfupa uliohama na mfupa uliovunjika, na joto linalotoka ndani ambalo si la jua.

Akifunga fito, alirudi kila baada ya muda kushika vidole vya mgonjwa. Vikipoa, alifungua kila kitu na kuanza upya, hata kama mgonjwa anamtukana.

Na kulikuwa na watu aliowakataa. Mfupa uliotoboa ngozi, alikataa. Mtoto mwenye homa na goti lililovimba, alikataa. Na mgongo wenye kinundu katikati, pale kwenye pingili, hasa kama mwenyewe amekonda na anatoka jasho usiku, huo hakuugusa hata kwa kidole baada ya kuujua. Alinawa mikono, akasema, "Huyu si wangu. Mpelekeni hospitali leo." Ndugu walikuwa wanakasirika. Wametoka mbali na mkokoteni, wamekuja na kuku, halafu bibi anawarudisha. Mimi kijana nilikuwa naona aibu. Nilidhani anaonyesha udhaifu. Siku moja nilimwambia, "Mayu, watasema huwezi." Akanijibu, "Si kweli siwezi? Waseme."

Nilimrithi hivyo. Miaka kumi na mitano nilikanda watu hapa kwenye ua wetu na wengi walipona, sitakudanganya kwa upande huo pia. Akina mama walioumia migongo kwa kupalilia pamba na kubeba maji, wazee wasioweza kuinama kukamua. Mtu akirudi shambani, nyumba yake yote inarudi kula. Ulikiona hicho, na ulichokisema kanisani kuhusu miaka ile ni kweli.

Kisha akaja yule mtu.

Jina lake halisi sikuwahi kulijua. Kwenye bango aliandika Dokta Mifupa, na chini yake kwa herufi nyekundu, OSTEOPATHIA. Mwezi uliopita ulinisomea kwenye simu yako kwamba hiyo ni elimu ya kweli, kwamba kuna nchi watu wanaisomea miaka mingi, wanajifunza mwili mzima, mifupa na mishipa na namna kimoja kinavyovuta kingine, na wanajifunza pia ni nani wasimguse. Wewe ulidhani sielewi. Mimi nilikuwa nafikiri, kumbe lile neno lina wenyewe, na sisi tulilifanya nini pale kwenye mnada wa ng'ombe. Yule mtu alilikuta mahali akalipaka kwenye turubai kama mtu anavyoiba namba ya gari.

Alikuwa na gari dogo, jenereta, spika mbili na mashine. Mashine yenyewe ilikuwa kompyuta yenye waya na kipande cha chuma. Mgonjwa anashika chuma, kompyuta inapiga mlio, inatoa karatasi yenye rangi inayosema ini limechoka, figo zina mafuta, mifupa ina sumu. Mimi niliishika siku moja watu wakiwa hawajafika, ikasema kizazi changu kina uvimbe. Nilimwonyesha. Alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Hiyo ilikuwa imebaki ya mama wa jana." Hapo ndipo nilipotakiwa kuondoka. Nilicheka na mimi.

Usifikiri nilikuwa na shida. Mwaka ule tulivuna vizuri. Alinipata kwa koti. Alikuja hapa nyumbani, akaniamkia kwa heshima, akasema amesikia sifa zangu mpaka Maswa, akafungua begi akatoa koti jeupe limepigwa pasi. "Mtu kama wewe kukaa uani na kibuyu ni dhambi," alisema. Nikalivaa. Lilinitosha. Mnada wa kwanza, wanaume ninaowafahamu, ambao tumechunga nao ng'ombe, waliniita daktari. Mzee mmoja alivua kofia. Minza, ilinipanda kichwani kama gongo. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili na hakuna mtu aliyewahi kunivulia kofia.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mgonjwa analala kifudifudi juu ya meza, mbele ya watu wote, nguo imefunuliwa mgongoni. Namkanda kidogo kwa yale mafuta yake ya karafuu. Halafu Dokta Mifupa anakileta kipaza sauti karibu kabisa na shingo au kiuno, ananikonyeza, nami nazungusha kwa nguvu. Kaa! Sauti ile inapita kwenye spika mnada mzima. Watu wanapiga kelele, wanacheka, wanapiga makofi, wengine wanarekodi na simu. Yeye anasema, "Mmesikia mfupa unarudi mahali pake?" Hakuna mfupa uliokuwa unarudi popote. Ukivuta kidole chako kinalia pia. Nilijua hivyo, bibi yako alinifundisha kwamba mlio si kitu. Lakini watu walikuja kusikia mlio, nami nikawa nautafuta. Shingo za wazee, shingo za mabinti. Mtu akija na goti namzungusha shingo, kwa sababu goti halilii vizuri. Hata sasa, mtu akivunja kuni karibu yangu nasisimka vibaya.

Milembe aliletwa mwezi wa nne wa kazi ile. Mumewe, Maduhu, alimleta kutoka Migato kwa mkokoteni. Alikuwa mwanamke wa umri wa shangazi yako, mrefu, mpole, anatembea kwa kushika mapaja yake kama anajisukuma. Alinisalimia vizuri, akajibu mhola, salama, nilipomuuliza habari za nyumbani, kama mgeni aliyekuja kunitembelea. Tukamlaza. Nilimfunua mgongo nikaweka mkono.

Kilikuwepo. Katikati, chini kidogo ya mabega, kinundu kidogo kama kichwa cha kidole gumba kinachosukuma ngozi. Na joto. Nikainama nikamuuliza kwa sauti ya chini, kwa Kisukuma, kama anatoka jasho usiku. Akasema, "Nguo zinalowa, baba. Na nimekonda, hata kanga zinanianguka. Na siku hizi miguu inakufa ganzi."

Nisome vizuri hapa, mwanangu. Nilijua. Sikukosea kwa kutokujua. Mkono ulijua, sikio lilisikia. Maneno ya bibi yako yalikuwa mdomoni, nilichotakiwa ni kuyatoa tu. Niliinua kichwa nikaona watu mia labda, wamesimama wanangoja, watoto wamekaa mabegani mwa baba zao. Dokta Mifupa alikuwa ameshaanza. "Daktari wetu ameupata ugonjwa! Angalieni anavyousikiliza mgongo!" Akaleta kipaza sauti. Nikamnong'oneza, "Huyu hapana. Huyu ni wa hospitali." Akafunika kipaza sauti kwa kiganja, akatabasamu kuelekea kwa watu, akaniambia, "Kwa hiyo niwaambie daktari ameshindwa?"

Nikabonyeza.

Kwa viganja vyote viwili, pale pale juu ya kinundu, kwa uzito wa mwili wangu. Haikulia kaa. Ilikuwa kitu kama kukanyaga udongo uliokauka juu na chini yake matope. Nilikisikia kwenye viganja, na ndicho nilichokuwa naosha mwaka mzima kwa sabuni ya kufulia.

Hakupiga kelele. Alisema, kwa mshangao tu, "Mbona siisikii miguu?" Maduhu akamsogelea. "Milembe, amka." "Siisikii miguu." Tukamwinua, ikaning'inia. Na mkojo ukamtoka, pale mezani, mbele ya watu wote. Yule mtu akapaza sauti kwenye spika, "Sumu inatoka! Amelegea kwa sababu sumu inatoka!"

Wakapiga makofi, Minza. Watu wetu. Walipiga makofi mama wa watu akijikojolea, kwa sababu aliyewaambia wapige alikuwa na spika, na aliyefanya alikuwa na koti.

Na bado sijafika mwisho wa uchafu wangu. Maduhu aliniuliza mimi, si yule mwingine. Aliniuliza, "Baba, nimpeleke hospitali?" Hospitali ilikuwa mwendo wa saa moja tu kwa gari, na gari lilikuwa pale pale. Nikamwambia, "Nenda naye nyumbani, mkande kwa maji ya moto, siku tatu atasimama." Kwa sababu nikisema hospitali, huko watauliza nani alimgusa. Akaniamini. Alinishukuru. Aliniachia jogoo.

Dokta Mifupa hakuonekana mnada uliofuata. Alinipigia simu mara moja kuniambia nimtunzie bango, basi. Nililichoma, na koti nikalichoma, lakini kuchoma ni rahisi. Siku tisa nilikaa humu ndani nikisema labda amesimama. Siku ya kumi mama yako akaniuliza, "Yule jogoo hali, halafu humchinji. Ni wa nani?" Nikachukua baiskeli nikaenda Migato.

Nilisikia harufu kabla sijaingia. Alikuwa amelala kwenye godoro, amekonda zaidi, na kiunoni nyuma kulikuwa na kidonda kimeshaanza kuoza kwa kulalia. Binti yake alikuwa anafukuza nzi kwa kipande cha boksi. Milembe alinitambua, akasema, "Daktari amekuja." Nilitoka nje. Maduhu akanifuata. Nikamwambia yote, nimesimama kwenye jua kali, sikupunguza.

Akaniuliza neno moja. "Ulijua?"

"Nilijua."

Alikuwa ameshika jembe. Nililitazama, na kweli nilitamani alitumie. Aliliweka chini taratibu akaingia ndani, na mimi sikujua nifanye nini mpaka alipoita, "Njoo ubebe upande wa kichwa." Tulimtoa na kitanda chake mpaka barabarani, tukapata gari la mizigo, tukafika hospitali Bariadi jioni.

Walimpiga picha. Kilikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa unaotibika kwa vidonge, na pingili iliyokuwa imelika ilikuwa imeporomoka na kubana mishipa. Kulikuwa na dada mmoja wa fiziotherapia, mdogo, labda miaka ishirini na saba. Aliuliza, "Nani alimkanda?" Maduhu alinitazama. Nikasema, "Mimi." Nilingoja anitukane. Akaweka mto juu ya meza, akasema, "Nionyeshe ulivyobonyeza. Wapi, kwa nguvu kiasi gani, kuelekea wapi. Daktari wa upasuaji anahitaji kujua." Nikabonyeza mto mbele yake na mbele ya Maduhu. Hakuna kipigo kingeniingia kama mto ule. Alipomaliza kuandika akanitazama mikono, akauliza nani alinifundisha. Nilipomwambia ya bibi yako na watu aliowakataa, uso wake ukabadilika. Nilitaka awe na huruma. Alinichukia. Mtu asiyejua angemsamehe.

Walimpeleka Mwanza kwa upasuaji, akarudishwa Bariadi kwa miezi. Nilikuwa nakwenda na baiskeli. Yule dada alinifundisha kumgeuza kila baada ya saa mbili, kusafisha kidonda, kukunja na kunyoosha miguu yake isikakamae. Alinifundisha kwa ukali, na nikaona kwamba mikono yake inafanya kilekile cha bibi yako. Inashika kwanza. Inangoja. Tofauti ni kwamba yeye aliweza kusema kwa nini. Hicho ndicho unachokwenda kukichukua, na ndiyo sababu nilisema ndiyo uliponiletea fomu.

Mwezi wa saba wa matibabu kidole cha mguu wa kulia kilicheza. Maduhu alilia. Mwaka ulipokwisha Milembe alitembea kwa magongo mawili, na sasa anatembea kwa moja, amejikunja, hawezi kulima wala kubeba ndoo. Siku aliyoruhusiwa nilimfuata mpaka mlangoni nikaanza kusema maneno yangu ya kuomba. Akaniinulia mkono. "Nimeona ulivyofanya hapa," alisema. "Sikuombei mabaya. Lakini ukinikaribia nasikia yale mafuta, na nasikia wale watu wanapiga makofi. Usije kwangu tena." Sijaenda tena. Nilidhani mtu akihangaika vya kutosha, mwishoni huambiwa sawa. Sikuambiwa, na sikustahili.

Ilipita zaidi ya miaka miwili kabla sijagusa mgonjwa mwingine, na nilirudi kwa sababu yule dada alinitumia mtu. Alisema watu wanaendelea kwenda kwa wakandaji, afadhali waende kwa mmoja anayeogopa. Ndiyo hao unaowaona barazani kwetu siku hizi. Nusu yao nawarudisha kwenye zahanati bila kuwagusa, na wananisema.

Utapewa koti, Minza. Lako litakuwa la halali, na hapo ndipo ninapopata hofu zaidi kuliko ningekuwa na binti mwongo. Utakuwa na cheti ukutani na mashine za kweli, na siku moja utakuwa umechoka, watu wamejaa kwenye benchi, bosi anakutazama, na mkono wako utasikia kitu ambacho hakitakiwi kuwa pale. Sina maneno ya kukupa kwa siku hiyo. Mimi nilikuwa nayo, ya mama yangu mzazi, na niliyameza. Nakupa tu hiki kichefuchefu changu. Kichukue kama kilivyo.

Mama yako anayajua haya tangu nilipompeleka Milembe hospitali. Ameniambia mara nyingi nikueleze, nikasema bado mdogo. Sasa umesema mbele ya kanisa zima unataka mikono yangu, na siwezi kukuacha upande basi na uongo huo kwenye begi.

Nilikwenda kwa mchungaji jana. Jumapili hii, ukiwa umeshafika huko, nitasimama mbele ya watu walewale niwaambie. Baadhi yao walikuwepo mnadani na wamejisahaulisha. Baba yako mdogo hatapenda, na wagonjwa labda hawatakuja tena. Utapigiwa simu na watu wengi, kila mmoja na namna yake ya kulisimulia. Nimetaka uwe umelisikia kwangu kwanza, likiwa baya kama lilivyo.

Barua hii nitampa mama yako akukabidhi stendi, basi likishawaka. Sitakuja stendi, usinitafute dirishani. Kama ukishaisoma ukaona huwezi kuongea na mimi, sitakupigia mpaka uanze wewe, hata kama ni mwaka. Lakini ukifika, mpigie mama yako umwambie umefika. Nitakuwa nimekaa karibu yake, nitasikia sauti yako, na itanitosha.

Baba yako